Roboti Ichukue Pampu, Isichukue Shamba

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa sikukuu ya kupanda miti. Shule zikafungwa, ofisi zikafungwa, na waheshimiwa wakapigwa picha wameinama na mche mmoja mkononi, viatu safi, jembe jipya ambalo halijawahi kuona udongo. Mei 10, 2024, nchi ikiwa bado inaomboleza watu waliokufa kwa mafuriko, tukapewa siku nyingine ya kupanda. Sina shida na sikukuu, wasee. Siku ya kwanza nilipanda miche kumi na nikala chapati.

Lakini nikuulize kitu kimoja. Umewahi kuona picha ya waziri akipalilia?

Hujaona, na hutaona. Kupanda ni siku moja na kamera inatosha. Kupalilia ni miaka mitatu na hakuna kamera. Ndio maana hii mada ya roboti za kupalilia misitu imenishika sana wiki hii, tangu ile vidio ya gari lisilo na dereva likipita katikati ya mistari ya miti ianze kuzunguka kwa simu zetu. Mmenitumia karibu kila mtu. Nusu yenu mnasema, "Kazi zimeisha, tumekwisha." Nusu nyingine mnasema, "Wenzetu wako mbele, sisi bado tunashika jembe." Na mimi nimekaa nikaona nyote mnajibu swali ambalo si swali.

Wacha nianze na msingi juu najua wengi wenu mmekulia Umoja na Pipeline, na msitu mnaoujua ni Karura.

Mche wa saiprasi ukitoka kitaluni haufiki hata magoti yako. Unauweka kwenye udongo mzuri wa mlimani, mvua inanyesha, halafu kila kitu kinaota isipokuwa huo mche. Nyasi inaupita urefu ndani ya wiki chache. Inaunyima jua, inakunywa maji yake, inakula chakula chake. Mimea inayotambaa inaupanda, inaulemea, inaulaza chini. Kiangazi kikifika, zile nyasi ndefu zikikauka, ni petroli. Moto mmoja wa mrina asali na mstari wote umekwenda. Mti ukishapita hapo, matawi yakagusana na kivuli kikafunika chini, magugu yanakosa jua na yanaisha yenyewe. Lakini mpaka ufike hapo, lazima mtu akae hapo akiutafuta kwenye nyasi na kuupumulisha, tena na tena.

Sasa hesabu. Shamba la mbao likipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja inabeba miche 1,600. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Toa simu ugawanye: kwa nafasi hiyo ni zaidi ya hekta milioni 9. Najua si yote itakuwa miti ya mbao, na mingine itapandwa uani kwa shosho. Lakini umepata picha. Hiyo nyasi yote itakatwa na nani?

Kwa hivyo yule anayeniambia roboti ni mchezo wa matajiri, hapana. Kazi ipo, ni nyingi, na ni mbaya.

Na hapo kwa "ni mbaya" ndipo nataka tukae kidogo.

Nilipoacha chuo, kitu cha kwanza nilifanya hakikuwa kuunda vidio. Nilienda kufanya kibarua kwa shamba moja la mikalitusi huko Bonde la Ufa. Jina la mwenye shamba halina maana, kuna wengi kama yeye. Kazi ilikuwa kupiga dawa ya magugu kati ya mistari. Unapewa pampu ya lita 20 mgongoni. Lita 20 za maji ni kilo 20, ongeza pampu yenyewe, ongeza mteremko, ongeza matope. Mkono mmoja unapampu, mwingine unaelekeza bomba, na unaambiwa ukigusisha mche dawa umekatwa pesa, juu hiyo dawa haichagui, mkalitusi mchanga unakufa vilevile kama nyasi.

Pampu yangu ilikuwa inavuja. Nilimwambia nyapara. Akasema nifunge na kipande cha nailoni. Nikafunga. Ikaendelea kuvuja, taratibu, kwenye kiuno, siku nzima. Glavu hakuna, barakoa hakuna, gambuti ulete zako. Jioni ngozi ilikuwa nyekundu, siku ya tatu ikaanza kubambuka. Wamama tuliokuwa nao walinicheka kwa huruma, wakanionyesha migongo yao. Mmoja alikuwa amefanya hiyo kazi tangu nikiwa darasa la pili. Alinipa mafuta ya ng'ombe, yale ya kukamulia, akaniambia nipake kabla ya dawa, si baada.

Nilidumu siku kumi na moja. Yeye alibaki.

Sasa mtu akija kwangu na hoja kwamba roboti itawaibia hao wamama kazi, namuuliza: wewe ungetaka mathe wako aifanye? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka glaifosati, dawa ya magugu inayotumika kuliko zote duniani, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Watengenezaji wanabisha mpaka leo, na mashirika mengine ya serikali kubwa yanasema ni salama ukifuata maelezo. Sawa, tuseme wako sahihi. Maelezo yenyewe yanasema uvae glavu na mavazi ya kukinga. Nionyeshe hizo glavu! Mwaka 2019 Gladys Shollei alipeleka ombi bungeni kutaka dawa kali za mashambani ziondolewe sokoni, na mjadala umevutwa miaka na miaka kana kwamba migongo ya watu ina muda wa kusubiri kamati.

Hiyo kazi sitaitetea. Hakuna utamaduni ndani yake, hakuna heshima ndani yake, kuna shilingi mia nne na ngozi iliyobambuka. Ikichukuliwa na chuma, ichukuliwe.

Na chuma kipo. Huko California kampuni inaitwa GUSS inatengeneza magari ya kupiga dawa kwenye mashamba ya miti ya matunda na lozi, na hayana hata kiti cha dereva. Mtu mmoja anakaa kwa pikapu na kompyuta, anasimamia hadi magari 8 kwa wakati mmoja. Gari linajua lilipo kwa setilaiti, na pale majani yanapoziba setilaiti linapima umbali wa mashina kwa miale ya leza. Wana toleo la magugu lenye vitambuzi vinavyoona majani ya kijani chini ya miti, na dawa inatoka hapo tu palipo na gugu, si mstari mzima. Mwaka 2022 John Deere wakaingia ubia nao, kwa hivyo usidhani ni mchezo wa watoto. Kampuni nyingine, Carbon Robotics ya Seattle, imeacha dawa kabisa kwa mashamba ya mboga: kamera inatambua gugu, leza inalichoma. Noma sana.

Hapa ndipo wale wa "wenzetu wako mbele" wanapiga makofi. Subirini. Nyinyi pia nawajia.

Hizo mashine zimezaliwa kwenye tambarare. Mashamba ya lozi ya California yamenyooka kama meza ya snuka, mistari imepimwa, chini pamesafishwa. Sasa njoo nayo msitu wa kupandwa huku kwetu, Aberdare, Mau, ukingo wa Mlima Kenya. Kwanza kuna mteremko. Pili kuna visiki, maana miti ya zamani imekatwa na visiki vimebaki, vimefichwa na nyasi. Tatu kuna mashimo ya fuko, mitaro ya magogo, na matope ambayo hata trekta inaomba msamaha. Na la nne, ambalo ndilo kubwa: kwa mti wa matunda wa miaka mitano, roboti inaona shina. Kwa mche wa miezi minne uliozama ndani ya nyasi, roboti haioni kitu. Kila kitu ni kijani.

Hii siongei kwa kusoma tu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo na elektroniki, na nilijaribu kuunda kigari cha kupalilia. Mota mbili za waipa nilinunua Kirinyaga Road kutoka kwa gari lililokufa, betri ya pikipiki, kamera ya bei ya chini, na programu niliyoifundisha kwa picha nilizopiga mwenyewe likizoni. Nilikaa wiki nzima nikiweka alama kwenye picha: huu mche, hii nyasi, huu mche, hii nyasi. Kwa kompyuta ilifanya kazi vizuri mpaka nikajiona bilionea.

Nikaipeleka kwa shamba la mathe, upande wa Nyandarua. Asubuhi na umande, kamera ikaona kila kitu kinang'aa sawa. Mche wa kwanza ikaupita vizuri. Wa pili ikaukata. Mstari wa tatu ikapanda kisiki, ikakaa hapo magurudumu yanazunguka hewani kama kobe amegeuzwa. Mathe alikuwa ameacha jembe lake akitazama. Hakucheka. Akauliza swali moja tu: "Sasa baba, ikikwama hivi na wewe uko Nairobi, nani ataibeba nyumbani?"

Sikuwa na jibu. Muhula uliofuata sikuwa na karo pia, kwa hivyo mradi ukafia hapo, na kile kigari kiko chini ya kitanda mpaka leo. Lakini hilo swali lake sijawahi kuliacha, kwa sababu ndilo swali ambalo wenye vidio hawaulizi. Nani ataibeba?

Na kuna kitu kingine nilikiona siku hiyo. Mathe akichukua jembe aendelee, hakuangalia chini hata. Alikuwa anatembea kwenye nyasi iliyofika kiunoni, anaweka mguu, anasimama, anainama, na mche uko hapo hapo. Kila mara. Anajua alipoupanda mwenzake, anajua hatua ngapi, anajua nyasi inavyolala pale ambapo kuna kitu kigumu chini yake. Hiyo ni elimu. Roboti yoyote itakayofanya kazi kwenye misitu yetu, lazima mtu kama yeye aifundishe kwanza.

Hapo sasa tunafika kwa jambo lenyewe. Lile shamba la mathe si lake.

Wengi wenu hamjui hii, na ni lazima mjue kabla hamjafungua mdomo kuhusu roboti. Misitu ya kupandwa ya serikali hapa Kenya haipaliliwi na serikali. Inapaliliwa na watu kama mathe, bure. Mfumo unaitwa PELIS, wazee wanauita tu mfumo wa shamba. Unajiunga na chama cha jamii cha misitu, unalipa kodi kidogo, unapewa kipande palipokatwa miti. Unalima viazi, maharagwe, njegere, karoti. Kati ya mistari yako inapandwa miche ya saiprasi au paini. Ukipalilia viazi vyako, unapalilia na miche ya serikali. Baada ya miaka kama mitatu kivuli kinafunika, viazi havioti tena, unaondoka.

Soma tena. Yule mama analipa kodi ili apalilie msitu wa serikali. Na anafurahi, juu gunia la viazi ndilo lililotulipia shule. Si bure tu kwamba mfumo huu uliletwa na wakoloni, karibu mwaka 1910, ukiwa umeigwa kutoka Burma ambako Waingereza walikuwa wakiutumia kupanda misaji. Waligundua kwamba ukimpa mtu mwenye njaa kipande cha ardhi kwa muda, atakupalilia miti yako na atakushukuru.

Kwa hivyo kuna aina mbili za kupalilia miti nchi hii. Kuna ya pampu, kwenye mashamba ya watu binafsi, ambapo kibarua anapata mia chache na sumu. Na kuna ya shamba, ambapo palizi ndiyo bei ya kula. Ukileta roboti kwa ile ya kwanza, umeondoa sumu mgongoni mwa mtu. Ukileta roboti hiyo hiyo kwa ile ya pili, umemwondolea serikali sababu ya kumpa mathe kipande. Mashine ni ileile. Upande mmoja imeokoa, upande wa pili imefukuza.

Na msinidanganye kwamba hilo halitatokea. Siku ambayo mtu ofisini ataona kwamba gari moja linapalilia bila kulima viazi, bila chama, bila mikutano, bila akina mama kuuliza maswali, barua itaandikwa kesho yake. Itasema "uhifadhi". Itasema "teknolojia ya kisasa". Haitasema neno viazi.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito, kwa hivyo nalichukua kwa heshima. Wangari Maathai mwenyewe aliupinga mfumo wa shamba. Alisema unaharibu misitu, na hakuwa mtu wa kuropoka. Na kweli mfumo umeharibiwa vibaya. Kuna watu walioingiza mashamba ndani ya msitu wa asili badala ya ule wa kupandwa. Kuna wanaong'oa miche makusudi usiku ili kivuli kisije na wakae mwaka mwingine. Kuna waliojigawia vipande kumi na kuvikodisha kwa maskini. Ndio maana umepigwa marufuku na kurudishwa zaidi ya mara moja, na Septemba 2022 Rigathi Gachagua, akiwa Naibu wa Rais, aliposema urudi, mitandao iliwaka moto.

Nakubali hayo yote. Msitu wa asili usiguswe, na anayeng'oa miche aondolewe, hata akiwa shangazi yangu. Lakini angalia hiyo orodha vizuri. Nani aligawa vipande kumi kwa mtu mmoja? Nani alifumba macho shamba likiingia msitu wa asili? Hilo ni tatizo la kalamu na muhuri. Roboti haipalilii ofisi. Ukimwondoa mathe ukaweka mashine, yule wa kalamu bado yuko, na sasa hana hata shahidi ndani ya msitu.

Kuna wanaosema pia, "Basi watu watafanya kazi ya teknolojia." Hapo nacheka kwa uchungu. Januari 2023 gazeti la TIME liliripoti vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama kwenye maandishi machafu ili kompyuta za Marekani zijifunze adabu. Wenzetu hao, wengine mnawajua. Sasa fikiria: roboti ya msitu inahitaji maelfu ya picha zenye alama, huu mche, hii nyasi. Nani ataziweka? Mtoto wa mathe, kwa chumba fulani, kwa pesa ya nauli. Atafundisha roboti kumtambua mche, kisha roboti iletwe kwa kontena, ikiwa imefungwa, huwezi kuifungua, huwezi kuirekebisha, unalipia kila mwaka, ije imwondoe mamake shambani. Tutakuwa tumefanya kazi mara mbili na kulipwa robo.

Na mkidhani watu watakaa kimya, kumbukeni Kericho. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai. Wengi wa mitandaoni waliwaita washamba wanaoogopa maendeleo. Mimi sishangilii kuchoma mali ya mtu. Lakini wale watu wanatumia simu, wanatuma pesa kwa simu, wanapanda bodaboda. Hawaogopi mashine. Walikuwa wameona miaka kadhaa mashine zikiongezeka na mikono ikipungua, na faida ya ile mashine ikienda mahali ambapo wao hawafiki. Mashine ililetwa kwanza, mazungumzo yakaletwa baada ya moshi. Tukirudia hivyo na misitu, tusijifanye kushangaa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunirarua.

Roboti ianze na pampu. Popote mtu anapobeba sumu mgongoni kupalilia miti ya mtu mwingine, hapo ndipo mashine ya kwanza ifanyiwe majaribio. Mashamba ya mikalitusi ya kampuni na matajiri, si vipande vya akina mama. Na wale vibarua wa pampu wawe wa kwanza kufunzwa kuiendesha na kuitengeneza, kwa mkataba ulioandikwa, kabla mashine haijashuka kwa lori.

Kipande cha viazi kisiguswe mpaka mwenye kipande aseme. Kama chama cha misitu kinataka mashine ya kufyeka ile miaka ambayo viazi haviwezi tena na nyasi bado inasumbua, sawa, kinunue au kikodishe, kiwe chake, kama vile kikundi kinavyonunua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mapato yaende kwa chama.

Na iundwe hapa. Simaanishi kila msumari utoke hapa, hata kigari changu kilikuwa cha vipande vya Japani. Namaanisha iwe kitu ambacho fundi wa Kirinyaga Road anaweza kukifungua. Picha za miche zikipigwa kwenye vipande vya akina mama, akina mama walipwe, na ile data isiondoke bila idhini yao. Vyuo vyetu vina vijana wanaojua hii kazi, wengine wako mwaka wa nne sasa hivi wanaunda miradi itakayoishia chini ya vitanda kama wangu. Wapewe mteremko na visiki wafanyie majaribio, badala ya kupewa cheti cha kushiriki na soda.

Mimi sijaacha kupenda zile mashine. Nikiona ile vidio bado moyo unaruka, walahi. Ningependa siku moja nione gari dogo likipanda Aberdare asubuhi na umande, linapita kisiki, linapita fuko, linafika kwa mche na linasimama, kama mathe anavyosimama. Nataka tu nikiliona, yule mama wa mafuta ya ng'ombe awe ndiye ameshika kifaa cha kuliongoza, mgongo wake mzima, na mathe awe upande wa pili wa barabara bado anavuna viazi vyake.

Nilimpigia jana usiku nikamsomea haya. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema niliongea vizuri, halafu akaniambia palizi ya pili inaanza Jumamosi na niache maneno nije na jembe.

Kwa hivyo wikendi hii hakuna vidio mpya, niko msituni. Kama uko chuoni na una kigari chini ya kitanda, nitumie ujumbe. Na kama unaona nimekosea, sema wapi, lakini kwanza uniambie kama umewahi kubeba pampu.